Viganja Vinne

Nina yuro mia nne na ishirini ndani ya bahasha yenye vumbi la unga,
na gari jekundu la viti viwili, kipara miguu yote minne.

Kwa Zvonko, nyuma ya stesheni ya Rijeka,
matairi yamepangwa hadi darini, yananuka
kama mvua iliyonyesha juu ya moto.
"Ya barabara au ya uwanja wa mashindano?"
Ya vyote viwili, nikamwambia, na kwa bei ya mwoka mikate.
Akacheka mpaka sigara ikamdondoka.

Akaleta la kwanza. Laini, kashata chache,
kama uso wa mtu asiyewahi kudaiwa.
Nikalibonyeza kwa dole gumba. Naujua mguso huu:
ni donge lililozidishwa maji,
linashika meza, linashika mikono, linashika aproni,
na halifiki asubuhi.
"Pale Grobnik litakufanya malaika," akasema Zvonko,
"kwa siku tatu. Nne, ukiwa mwoga.
Na mvua ikikukuta, malaika utakuwa kweli."

La pili, jina halitamkiki. Jipya, linang'aa, nusu ya bei,
gumu kama kauli ya mwenye nyumba.
Rahisi huvunja upishi,
na mimi upishi ndio kazi yangu.

Kisha kaka yangu Tihomir, moyo mkubwa, gereji chafu,
akaja na manne ya bure.
"Tazama kashata, nzima kabisa!"
Zvonko akapiga goti, akapangusa ubavu wa tairi kwa mate,
akanionyesha tarakimu nne:
wiki ya thelathini na moja, ya mwaka ambao baba alikuwa bado hai.
Nikabonyeza. Ganda la mkate wa Jumatatu, siku ya Ijumaa.
Sikujua nimwambieje kaka kwamba zawadi inaweza kuoza
na bado ikapendeza machoni.
Nikasema rangi haifai.
Matairi yote ni meusi. Akanitazama.

Lakini mimi siishi uwanjani.
Jumapili moja kwa mwezi nazunguka Grobnik
mpaka breki zinuke karanga zilizoungua;
siku nyingine zote, saa tisa usiku,
nateremka mlima kwenda kuwasha tanuri,
na upepo wa bura unalisukuma gari kando
kama mtu anayetafuta nafasi kwenye benchi.
Barabara ile haina bendera, haina kokoto za kukupokea.
Ina ukuta, kisha bahari.

Nikachukua la katikati, lisilosifiwa na mtu.
Unabonyeza, linafikiri, linarudi.
Mia nne na nane, kufunga na kusawazisha ndani yake.
Bomba la moshi litaendelea kushikwa na waya.

Jumapili walinipita.
Mzee mmoja wa Ljubljana alinipita mara mbili,
mara ya pili akapunga mkono.
Raundi ya tano, kwenye kona ndefu, matairi yakaanza kulia,
si kwa maumivu; kama jirani anayekuonya mapema:
Dunja, hapa ndipo mwisho wangu.
Nikasikia. Nikalegeza. Yakashika.
Lile la malaika, wanasema, halionyi. Huachia tu.
Nikatoa upepo kidogo, nikanywa maji, nikarudi tena.

Jioni mawingu yakashuka.
Wenye matairi laini wakapiga jeki, wakayavua,
wakayafunika turubai kama wagonjwa.
Mimi nikafunga mkanda.

Mvua ikanikuta kwenye mteremko.
Kila gurudumu, alisema Zvonko, linagusa dunia
kwa kipande kisichozidi kiganja.
Viganja vinne chini, viwili vyangu juu ya usukani,
vyenye unga kwenye kucha ambao sabuni imeshindwa nao.
Nikahesabu hadi sita, nikaingia kona polepole.
Saa tisa nitavihitaji vyote.